Bendera Tatu za Sandukuni

Babu yangu mzaa mama alipandisha na kushusha bendera kwa miaka 34, na hakuna kitabu cha historia kinachomtaja. Alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali hapa Tanga, tangu mwaka 1962 mpaka alipostaafu mwaka 1996. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua kwa baiskeli, kuchemsha chai, kufungua madirisha, na kila siku saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kushika kamba ya mlingoti. Kamba yenyewe ilikuwa ya katani, mkonge wetu wenyewe wa Tanga, na mpaka leo viganja vyake ni vigumu kama gome la mnazi.

Mimi naishi naye Chumbageni. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunichekea, nikajiambia basi nitakuwa mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe imekwama ukurasa wa 43. (Ndugu msomaji, kama na yako imekwama, tuko wengi.) Nadhani hiyo ndiyo sababu Babu alinichagua mimi katika wajukuu wote. Jioni moja baada ya magharibi aliniita chumbani kwake, akavuta sanduku la bati kutoka mvunguni, akatoa shuka, akatoa kanzu ya Idi, akatoa barua yake ya kustaafu, halafu chini kabisa, ndani ya gazeti kuukuu, akatoa bendera tatu.

"Wewe ndiye unayesomasoma mambo ya kale," akasema. "Nataka hizi uzisitiri kabla sijasitiriwa mimi."

Nililishika neno lile. Hakusema kutupa, wala hakusema kuchoma. Kwetu pwani aibu husitiriwa, mwili husitiriwa, na maiti husitiriwa. Sikuwa nimewahi kusikia likisemwa juu ya kitambaa.

Mbili zilikuwa bendera za Tanzania hii tunayoijua, kijani juu, buluu chini, na mshazari mweusi wenye kingo za dhahabu. Moja ya pamba, moja ya nailoni. Zote mbili zilikuwa zimechakaa vibaya. Kumbe bendera haichakai kama shati, kwapani na kolani. Inaanzia ncha ya mbali, ile isiyofungwa kwenye mlingoti, kwa sababu ndiyo inayopigwa. Babu anasema adui wa bendera Tanga ni wawili, kusi na chumvi. Kusi ikianza kuvuma kutoka baharini, bendera mpya inaweza kuanza kuchanua nyuzi kabla hujaizoea. Rangi nayo inapauka kwa jua, buluu inakuwa kama maji ya kufulia. Pindo likishafumuka, tarishi anaikunja anaipeleka kwa mtunza stoo, anaandikiwa kwenye leja, anapewa nyingine. Maana bendera ya taifa ilikuwa imeandikwa mle ndani ya leja kama ufagio na ndoo, sijui wewe mwenzangu ulilijua hilo.

Na ile ya zamani? Hapo ndipo maneno yanapoanza. Siku moja, anasimulia, alipita nyuma ya ofisi nyingine, ambayo sitaitaja, akamkuta kijana anafutia pikipiki oili kwa kitambaa cha kijani na cheusi. Babu alisimama. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele. Alimpa kijana fulana yake ya ndani, aliivua palepale, akachukua kile kitambaa akaenda nacho nyumbani. Bibi alikifua kwa sabuni ya mche mara tatu, na harufu ya oili haikutoka. Ndiyo ile bendera ya pamba. Ukiinusa mpaka leo utaisikia.

Ya tatu nitaieleza mbele kidogo.

Nilianza kwa kusoma, maana kusoma ni rahisi kuliko kuchimba. Wamarekani, nikaona, wana jibu tayari. Sheria yao ya bendera ya mwaka 1942 inasema bendera iliyochakaa kiasi cha kutofaa kuonyeshwa iteketezwe kwa heshima, na bora kwa moto. Kila tarehe 14 Juni, siku ya bendera yao, wazee waliopigana vita hukusanya bendera kuukuu wakaziwashia moto kwa gwaride na saluti. Nchi hiyohiyo, mwaka 1984 huko Dallas, mtu mmoja aitwaye Gregory Lee Johnson alichoma bendera kwa hasira za siasa, akashtakiwa, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu kabisa. Mwaka 1989 majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba hana kosa, ana haki ya kusema lake. Moto ni uleule na kitambaa ni kilekile. Kinachotofautiana ni nia, na nia haionekani kwa jirani. Wahindi labda ndio walioliona hilo, maana kanuni zao za mwaka 2002 zinataka bendera iliyoharibika iteketezwe faraghani.

Nikamwendea Babu na habari ya moto. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mjukuu wangu, nyumba hii inatazamana na nyumba ngapi?"

Nikahesabu. Sita, pamoja na ya fundi baiskeli.

"Basi wewe washa moto uani, uweke bendera ya taifa juu yake. Halafu uwaeleze hao sita kwamba hii ni heshima."

Na alikuwa na haki. Sheria yetu ya Nembo za Taifa ni ya mwaka 1971, na mtu anayeidhalilisha bendera ana kesi ya kujibu. Nikajiona nimesimama mbele ya afisa nikimweleza habari za Wamarekani na tarehe 14 Juni. Hata hivyo tulijaribu kidogo. Tulichomoa uzi mmoja wa ile ya nailoni, tukausogeza kwenye moto wa mshumaa. Haukuungua. Ulijikunja, ukawa tone jeusi, ukanuka kama ndara iliyodondokea jikoni.

"Hii haifi," Babu akasema. "Inayeyuka."

Nilikumbuka chuoni, nilipokuwa mdogo. Kurasa za juzuu zilizochanika hatukuruhusiwa kuzikanyaga wala kuzitupa. Mwalimu alizikusanya kwenye mfuko, zikijaa anazichoma mwenyewe pembeni, majivu yanapelekwa baharini. Lakini kule kila mtu alijua kinachofanyika, hata aliyepita njia. Ule ujuzi wa pamoja ndio unaokosekana kwa bendera. Kuipandisha tumefundishwa tangu darasa la kwanza, tukiwa mstarini na soksi zimeteremka. Kuizika hatukufundishwa.

Na hili si la kwetu peke yetu. Nilipoanza kutazama historia ya pwani hii kwa jicho la tarishi, niliona imejaa watu wanaopandisha bendera, na zile zinazoshuka ni kama zimeanguka zenyewe. Chukua Luteni Alexander Nyirenda, ambaye kila mtoto wa shule anamjua: alipandisha bendera ya Tanganyika kwenye kilele cha Kilimanjaro kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, na kilele kikaitwa Uhuru. Haki yake. Lakini hebu rudi nyuma uone walivyoshusha.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Unguja alitia saini kuikodisha pwani hii kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mkataba ulisema Kampuni itatawala kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, ile nyekundu tupu. Agosti mwaka huohuo watu wa Kampuni wakaja kushika kazi. Pangani, mwendo wa kilomita kama 50 kusini ya hapa, alipelekwa Emil von Zelewski, ambaye watu walimpa jina la Nyundo, na jina lake linatosha kumweleza. Alitaka bendera ya Kampuni ipandishwe. Liwali akakataa kwa kuwa hakupata amri ya bwana wake. Nyundo akaita askari wa majini kutoka meli ya kivita Carola, na bendera ya Sultani ikateremshwa kwa nguvu, katika siku za Idi Kubwa, na husimuliwa kwamba waliingia msikitini na mbwa wao.

Sisemi vita vya Abushiri vilikuwa vita vya kitambaa. Kulikuwa na ushuru wa forodha, kulikuwa na mashamba, kulikuwa na watu wa bara waliokuwa na hesabu zao. Lakini kabla ya watu kuelewa mkataba ulioandikwa kwa lugha isiyo yao, waliielewa bendera. Waliona mlingoti. Kufika Septemba pwani nzima ilikuwa imewaka, Tanga nayo ikapigwa mizinga kutoka baharini. Abushiri bin Salim alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na mwaka 1890 Wajerumani wakamlipa Sultani mark milioni 4 wakaichukua pwani moja kwa moja. Wenzetu wa Mombasa waliendelea kuiona bendera nyekundu ya Sultani ikipepea juu ya Fort Jesus mpaka Desemba 1963. Kwetu ilikuwa imekwisha kitambo, imeshushwa na watu walioahidi kutawala chini yake.

Halafu ikaja zamu ya Mjerumani. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba 1914 kapteni wa meli ya kivita ya Kiingereza, Fox, alishuka hapa Tanga akawapa Wajerumani saa moja wasalimu amri na kushusha bendera yao. Saa moja ikapita, ikapita ya pili, ikapita ya tatu, bendera iko juu. Akaondoka kwenda kuleta majeshi. Yaliyofuata wenyeji wa Tanga mnayajua, jeshi la watu kama 8,000 likatimuliwa na jeshi la watu kama 1,000, na nyuki wakapata jina. Bendera ile ilikaa juu mpaka Julai 1916 Waingereza walipouchukua mji.

Shaaban Robert alikuwa mtoto wa miaka saba wakati huo. Huyu ni wetu, kazaliwa Vibambani mwaka 1909, chini ya bendera ya Mjerumani. Akaandika karibu vitabu vyake vyote chini ya bendera ya Mwingereza. Akaiona ya Tanganyika kwa nusu mwaka tu, maana alifariki Juni 1962. Huwa nawaza, mtu aliyezibadilisha bendera tatu bila kuhama nchi, alipokaa kuandika kuhusu nchi za kubuni, alikuwa na haja gani ya kubuni?

Ushushaji pekee ninaoweza kusema ulikuwa na adabu ni ule wa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Na adabu yake ni ya ajabu. Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, watu wamejaa, Prince Philip yupo kwa niaba ya Malkia, Gavana Turnbull yupo, Mwalimu Nyerere yupo. Saa 6 usiku taa zote zikazimwa. Gizani bendera ya Mwingereza ikateremka. Taa zilipowashwa, ya Tanganyika ilikuwa juu, na uwanja ukalipuka kwa shangwe.

Babu alikuwa na miaka ishirini. Hakuwa Dar, alikuwa amesimama nje ya duka lenye redio, yeye na umati. Anasema mtangazaji alipoeleza kwamba taa zimezimwa, watu wote pale dukani walinyamaza, kana kwamba na wao wamezimiwa.

"Kwa nini walizima?" nilimuuliza.

"Ili asione aibu anayeondoka," akasema. "Mgeni akivua nguo unageuza uso."

Mimi sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilidhani giza lile ni la madoido, ili taa zikiwaka ipendeze. Huenda ni yote mawili. Ila tangu siku ile nimekuwa nikiitazama filimbi ya kituo cha polisi cha Chumbageni kwa namna nyingine. Aliyekulia hapa anaijua: saa 12 jioni ikilia, watu barabarani husimama, mwenye baiskeli anashuka, mama mwenye sinia la maandazi anasimama nalo kichwani, mpaka ilie ya pili. Kwa nusu dakika mtaa mzima unaitazama bendera ikishuka. Vijana wengine hunung'unika, na mimi nimo, hasa nikiwa na haraka. Lakini ni mahali pamoja tu katika maisha yetu ya kila siku ambapo kushusha kunapewa uzito sawa na kupandisha. Babu huongeza na lile la msiba. Mwalimu alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999 na bendera zikakaa nusu mlingoti kwa siku 30, yeye alikuwa ameshastaafu, na alitembea kutoka ofisi mpaka ofisi kutazama kama wanafanya sawasawa. Bendera ya msiba, anasema, huipandishi ukaishia katikati. Unaipeleka kwanza mpaka juu kabisa, ndipo unairudisha chini nusu. Usipofanya hivyo umevivia, hujaomboleza.

Sasa ile bendera ya tatu. Ni ya sufi, nzito, milia ya kulala: kijani, mweusi katikati, kijani, na michirizi miwili ya dhahabu. Bendera ya Tanganyika. Rangi zake zilitoka kwenye bendera ya TANU, ikaongezwa ile dhahabu. Ilikuwa bendera ya nchi huru kwa miaka 2, miezi 4 na siku 17, tangu uhuru mpaka Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Muungano wenyewe ulipewa sherehe yake, udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar ukachanganywa Karimjee, picha tunazo. Bendera mpya ikaja katikati ya mwaka, nayo imeshonwa kwa kuchukua kijani, nyeusi na dhahabu ya huku, na buluu ya bendera ya Mapinduzi ya kule. Babu akaishusha ya zamani jioni, akaikunja, akampelekea mtunza stoo kama kawaida.

Mtunza stoo akaitazama, akatazama leja.

"Hii siwezi kuiandika kuwa mbovu, haina tundu. Wala siwezi kuiandika kuwa nzima, nchi yake haipo. Ondoka nayo."

Ndivyo ilivyofika mvunguni Chumbageni.

Wazo la pili lilitoka kwa Bibi, ambaye kashona nguo za mtaa huu kwa cherehani ya miguu tangu mama yangu hajazaliwa. Aliiangalia ile ya nailoni, akasema jambo la fundi: kwa nini tusizifumue? Bendera ni vipande vilivyoshonwa. Toa uzi, weka kijani kando, buluu kando, nyeusi kando. Ikishafumuliwa si bendera tena, ni vitambaa tu, na kitambaa hakina kesi.

Nikaona ni jibu zuri kuliko yote. Nilishakwenda kuchukua wembe.

"Weka chini," Babu akasema. Sijawahi kusikia sauti ile. "Kijani kando, buluu kando? Katika nyumba yangu?"

"Ni kitambaa, mume wangu," Bibi akasema.

"Basi kama ni kitambaa, nini kimetukesha wiki nzima?"

Hakuna aliyejibu. Mwaka 1993 wabunge 55 waliposimama kudai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, nchi ilitikisika, na mwaka 2014 kwenye Bunge la Katiba hoja ya serikali tatu ilileta mtikisiko mwingine. Zanzibar walipojipatia bendera yao mwaka 2005, waliirudisha buluu, nyeusi na kijani ya Mapinduzi, na pembeni juu wakaiweka ndogo ya Muungano. Watu wamezigombania rangi hizi kwa hoja nzito na wasomi wakubwa. Lakini mimi uzito wake niliuona sebuleni kwetu, baina ya wembe na mzee wa miaka themanini na ushei, ambaye mwaka ule wa 1964 hakuulizwa na mtu anataka zishonwe au zisishonwe. Wembe nikaurudisha.

Tukakubaliana kuzika. Bibi alikata dhiraa nne za marekani nyeupe, mpya, haijaguswa na maji. Babu alizikunja bendera mwenyewe, kwa mkunjo wake wa kazini, upana mara mbili halafu urefu, mpaka kila moja ikawa kama mkate wa bumunda. Ya nailoni, ya pamba yenye oili. Alipofika kwenye ile ya sufi akaishika muda mrefu, akaipitisha vidole kutafuta matundu ya nondo. Aliyapata mawili.

"Hii haikuchakaa," akasema. "Hii ilistaafishwa umri wake haujafika."

Nikamwambia basi ipelekwe makumbusho, kwenye boma la zamani la Mjerumani pale mjini, watu waione. Akasema atafikiri. Akairudisha sandukuni, chini ya kanzu ya Idi, akalisukuma sanduku mvunguni kwa mguu.

Tukatoka uani, chini ya mwarobaini, mimi na jembe, yeye na bahasha yake ya marekani kifuani. Jirani mmoja akachungulia, akauliza tunapanda nini. Babu akamjibu kwamba tunasitiri, jirani akadhani paka, akatupa pole akaingia ndani. Ardhi ya Chumbageni ukishapita mchanga ina mawe ya matumbawe, si mchezo. Nilikuwa nimefika magotini ndipo filimbi ikalia kutoka kituoni.

Niliacha jembe likasimama lenyewe udongoni. Babu alikuwa ameshageukia upande wa kituo, ingawa kutoka uani kwetu mlingoti hauonekani, unaona mabati tu na minazi miwili. Alisimama wima, mikono imeizunguka ile bahasha. Barabarani baiskeli zilinyamaza.

Filimbi ikalia tena.

"Haya," akasema, "chimba."